Sentimita Sita na Robo

Kipande cha barafu kilifika kituoni Jumanne alasiri, kimo ndani ya ndoo ya plastiki, kimefungwa gunia. Aliyekileta alikuwa mama muuza samaki, na alikataa katakata kukaa kitini kabla hajasikilizwa.

"Sijakigusa kwa kisu," alisema. "Nilikuwa naponda barafu ya kuwekea samaki, nikaona kitu kinang'aa ndani. Nikasema, hii si mali yangu, na wala si mali ya samaki."

Inspekta aliyemsikiliza alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mpole wa sauti lakini mzito wa kusadiki. Vijana wa kituo walimwita Bi Futi, kwa sababu hajawahi kuonekana kazini bila futikamba ya fundi cherehani ndani ya mkoba. Alipima milango, alipima nyayo, na vijana waliapa kwamba siku moja aliupima uongo wa wakili ukatoka mita tatu.

Alifungua gunia akamulika tochi. Ilikuwa nusu ya chini ya mche wa barafu, safi kama kioo pembeni, na katikati umepitiwa na utepe mweupe wa ukungu. Chini kabisa ya utepe ule ililala pete ya fedha yenye mstari wa shaba.

Bi Futi aliijua pete ile bila kuwahi kuiona. Jumapili asubuhi mwanamke mmoja alifika kaunta kuripoti kwamba mumewe, fundi wa kiwanda cha barafu, hajarudi nyumbani tangu Jumamosi. Aliyekuwa zamu aliandika maelezo yote, pamoja na pete ya fedha yenye mstari wa shaba, kisha akamwambia, "Nenda nyumbani dada, atarudi. Wanaume ndivyo walivyo." Maneno hayo ya mwisho hayakuandikwa kitabuni, lakini Bi Futi aliyasikia akiwa chumba cha pili, na hakutoka kuyakanusha.

"Tukiyeyushe, Afande?" koplo wake aliuliza.

"Hapana. Kikiyeyuka nitabaki na pete tu. Mimi naitaka na maji yake."

Kipande kililazwa kwenye jokofu la kantini. Kesho yake, kabla jua halijachomoza vizuri, Bi Futi alimpitia mke wa fundi nyumbani kwake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, lakini nywele zimechanwa na gauni limepigwa pasi, kana kwamba aliambiwa mgeni anakuja. Mezani kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimefunikwa.

Bi Futi alimfunulia ndoo yenye kipande, naye akaitazama pete kupitia barafu kwa muda mrefu.

"Ni yake," alisema. "Kaivua."

"Ingeweza kuanguka."

"Afande, mume wangu amenenepa. Pete ile haijatoka kidoleni miaka sita. Tulijaribu sabuni, tulijaribu mafuta, tukaishia kucheka." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamkatika. "Mtu akihangaika mpaka akaitoa, ujue ana mahali anakwenda. Kuna mwanamke."

"Umewahi kusikia habari hizo?"

"Sijasikia. Lakini natamani ziwe kweli." Alisema hivyo waziwazi, bila aibu. "Tuligombana Jumamosi asubuhi kwa upuuzi tu, kitasa cha bafu alichoahidi kukitengeneza. Akatoka hajaniaga. Jioni nikajikaza nisimpigie. Nilipompigia, saa kumi na moja na robo, simu haipatikani. Mpaka leo haipatikani. Kama yuko kwa mwanamke, basi anakula, analala, anapumua. Mimi hilo linanitosha kwa sasa."

Bi Futi alimwambia anakwenda kiwandani. Mwanamke yule akavaa viatu bila kuuliza kama anaruhusiwa.

*

Kiwanda kilikuwa banda moja refu la mabati, na sakafu yake haikuwahi kukauka. Mtambo ulikuwa ukinguruma nyuma ya ukuta. Katikati lilikuwa tangi kubwa la maji ya chumvi, na ndani yake madebe marefu ya chuma yamesimama kwa safu. Mke wa fundi alikaa kwenye benchi la getini. Bi Futi na koplo waliingia ndani saa kumi na mbili kamili, wakati mzee mmoja aliyevaa koti zito alipokuwa akijaza madebe kwa mpira wa maji.

Huyo aliitwa Mzee Koti. Alikuwa amefanya kazi pale miaka thelathini na mmoja, na alivaa koti hilo hata siku za jua kali, hata harusini.

"Huyo fundi ni mwanangu," alisema alipoulizwa. "Sikumzaa, lakini kila anachokijua kuhusu barafu nimemfundisha mimi. Na yule pale getini ni mkwe wangu. Uliza unachotaka, binti."

"Maji haya yanagandaje?"

Mzee alishangaa kidogo, kisha akafurahi. Si kila siku mtu anauliza swali kama hilo.

"Maji ya tangi yana chumvi, kwa hiyo yanaweza kuwa baridi kupita barafu na bado yasigande. Yanalikumbatia debe kotekote. Basi maji matamu yaliyo ndani yanaanza kuganda pembeni na chini, yanakuja taratibu katikati. Barafu haipendi takataka wala hewa. Inavisukuma mbele yake. Ndiyo maana tunatumbukiza bomba la hewa katikati ya kila debe, liyachezeshe maji, mche utoke safi kama kioo. Bomba lazima litolewe kabla katikati hapajaganda. Pale palipobaki ndipo panapokuwa na ukungu."

Bi Futi alimwonyesha kipande. Mzee alipoiona pete, aliinama mpaka pua ikakaribia barafu.

"Huu mche uligandishwa lini?"

"Muuza samaki alichukua Jumatatu asubuhi. Basi ni maji ya Jumamosi. Tunajaza mara moja kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili hatufanyi kazi. Ile ya Jumamosi ililala tangini mpaka Jumatatu."

"Pete ikitupwa kwenye debe mwanzoni kabisa, maji yangali maji, ingelala wapi?"

"Chini. Kwenye sakafu ya debe."

Bi Futi alitoa futikamba yake. Kutoka chini ya mche hadi kwenye pete zilikuwa sentimita sita na robo.

"Kwa hiyo ilipoanguka," alisema polepole, "chini palikuwa pameshaganda kiasi hiki. Barafu ndiyo iliyoipokea."

Mzee Koti alimtazama kwa macho mapya. "Unataka kujua saa."

"Nataka kujua saa."

Wakalitenga debe moja la mwisho wa safu. Mzee aliandaa kijiti chembamba cha chuma, na wakakubaliana kulipima kila saa inapogonga: kijiti kinashuka kwenye maji mpaka kigonge barafu ya chini, kinatiwa alama, kisha kina hicho kinatolewa kwenye kina cha debe. Koplo alipewa daftari. Saa ya kwanza barafu ilikuwa na unene wa sentimita mbili nzima.

"Kwa mwendo huu itafika sita saa tatu," koplo alisema.

Mzee Koti alicheka. "Subiri, kijana. Barafu ikishakuwa nene inageuka blanketi. Baridi ya nje inapata taabu kupita. Kadiri inavyonenepa ndivyo inavyochelewa."

Na kweli, saa nne asubuhi, baada ya saa nne za kuganda, kijiti kilisoma sentimita nne tu.

*

Meneja alifika saa nne na nusu, shati limechomekwa vizuri, jasho limemtoka mapema kuliko joto. Aliwakaribisha ofisini kwake na kuwaonyesha kitabu cha geti. Kwenye ukurasa wa Jumamosi palikuwa na mstari mmoja: *Wafanyakazi wote wametoka saa 6:15 mchana.*

"Mwandiko wa nani?" Bi Futi aliuliza.

"Wangu. Mlinzi yuko likizo."

"Fundi alitoka na wenzake?"

"Alitoka. Tena alikuwa na haraka." Meneja aliinama mbele, sauti akaishusha. "Sipendi kusema haya huku mkewe yuko pale nje. Lakini kuna maneno kwamba ana mtu ng'ambo ya mto. Wewe ni mtu mzima, unaelewa."

"Maneno ya nani?"

"Ya watu tu."

"Nipe mmoja kati ya hao watu."

Meneja alikohoa. 

"Haya. Wote wametoka saa sita na robo. Madebe yapo tangini. Mabomba ya hewa nani aliyatoa?"

Meneja alikifunga kitabu cha geti.

"Mimi. Nilirudi saa nane, nikayatoa mwenyewe, nikafunga, nikaondoka."

"Yote? Safu nzima?"

"Yote."

"Kwa mikono mitupu?"

"Aa, hapana. Kwa glavu, bila shaka. Maji yale yanauma."

"Andika hivyo, koplo. Saa nane, kwa glavu."

Kutoka pale Bi Futi alizunguka banda. Mwishoni palikuwa na milango miwili mizito, vyumba vya kuhifadhia miche. Namba moja ulikuwa wazi. Namba mbili ulikuwa na kufuli mpya na kadi imeandikwa kwa kalamu nene: KIMEHARIBIKA. Meneja, aliyekuwa akimfuata hatua kwa hatua, alisema chumba hicho kimezimwa tangu Ijumaa, na ufunguo ameuchukua fundi wa nje aliyeitwa kukitengeneza. Bi Futi aliandika hilo nalo.

Saa sita mchana kijiti kilisoma sentimita tano kasoro kidogo. Koplo alilinganisha na zile sentimita sita na robo za pete, akainua nyusi.

"Basi saa sita na robo hakuwa ametoka, Afande. Au walau pete haikuwa imetoka."

"Pete. Usiruke hatua."

Alimpelekea mke wa fundi chupa ya maji na mkate. Mwanamke alishukuru akauweka mkate pembeni. Kila mtu alipopita barabarani alinyanyua shingo, akamtazama mpaka apite, kisha akairudisha.

"Ana tabia ya kutembea akivuta mguu wa kulia kidogo," alimweleza Bi Futi, ingawa hakuulizwa. "Ukiwa jikoni unamsikia tangu kwenye kona. Siku hizi nne nimewasikia watu wengi wanaovuta mguu. Sikujua wako wengi hivyo mjini."

Bi Futi alikaa naye dakika kumi. 

Saa nane kijiti kilisoma tano na nusu na ushee. Saa tisa, sita kamili. Mzee Koti aliacha kufanya mzaha. Saa kumi ilipogonga alikishusha kijiti mwenyewe, akakitia alama kwa ukucha, akampa Bi Futi apime.

Sentimita sita na robo.

"Saa kumi jioni," Bi Futi alisema. "Sasa niambie, mzee. Saa kumi ya kuganda, huwa kuna kazi gani hapa?"

"Ndiyo saa ya kutoa mabomba. Hiyo hiyo. Ukiyatoa mapema mche unaharibika, unakuwa na moyo mpana mweupe. Ukichelewa yanagandia humo." Aligeuza kichwa kuelekea ofisini. "Saa nane hakuna anayetoa. Hata mtoto wa hapa anajua."

"Nionyeshe."

Mzee alivaa glavu, akashika bomba la debe lile, akavuta. Mkono uliteleza. Akavuta tena, ukateleza. Akavua glavu.

"Unaona? Bomba lina utelezi. Fundi hutoa kwa mikono mitupu siku zote. Safu nzima, debe sitini. Ukimaliza huvijui vidole vyako, ni kama vya mtu mwingine."

"Niache nijaribu mimi."

Bi Futi alikunja mikono ya shati. Alitoa bomba la debe la kwanza, la pili, la tano, la kumi. Maji yalimuuma, kisha yakaacha kumuuma, kisha vidole vikawa vijiti. Kwenye debe la kumi na nne aliinua mkono wa kushoto kutikisa matone, na kitu kikateleza. Ilikuwa pete yake. Mume wake alimvisha miaka ishirini na saba iliyopita, na hata siku alipomzika haikukubali kupita kwenye kifundo cha kidole. Sasa ilikuwa imeshavuka kifundo, iko kwenye ncha, na yeye hakuwa ameisikia kabisa. Alikunja ngumi haraka. Alisimama hivyo kwa muda, ngumi kifuani, mpaka koplo akamwita mara mbili.

"Nipo," alisema. "Baridi hufanya vidole vinywee. Hakuivua, koplo. Ilimponyoka, na hakujua."

"Ila angejua baadaye," Mzee Koti alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wakati wa kunawa. Damu ikirudi mkononi angejua. Na mimi ninavyomfahamu asingeondoka hapa bila hiyo pete. Angepindua kiwanda kizima. Tena siku ile alikuwa na huzuni. Mimi sikuwa zamu, alinipigia asubuhi, akasema amegombana na mkewe na anataka amalize kazi akanunue kitasa."

"Angeanza kutafuta wapi?"

"Hapa kwenye madebe asingewaza. Huku ni kutoa mabomba tu, dakika chache. Angewaza mahali alipobeba mizigo mizito mikononi." Mzee alilifunga koti lake mpaka shingoni. "Mchana ule alikuwa na miche ya Ijumaa ya kupanga. Kwenye chumba namba mbili."

Mzee na koplo waligeuka kuutazama mlango wenye kufuli. Bi Futi hakuutazama mlango. Alitazama juu yake, kwenye bomba la baridi linaloingia ukutani. Lilikuwa limevaa theluji nyeupe, nene kama kiganja.

"Mzee. Bomba la chumba kilichozimwa huwaje?"

"Linadondosha maji siku moja," Mzee Koti alijibu kwa sauti ndogo. "Kisha linakauka."

"Na kwa ndani, mlango unafunguka?"

"Mkono wa ndani ulikatika mwezi wa pili. Niliripoti mara tatu. Kwa maandishi."

Koplo alikuwa tayari ameshika nondo.

*

Meneja hakukimbia. Walimkuta amekaa nyuma ya meza yake, ufunguo wa kufuli ameuweka mbele yake juu ya kitabu cha geti, kana kwamba alikuwa akisubiri aombwe.

"Nilipita saa kumi na moja kufunga," alisema bila kuulizwa. "Mlango wa namba mbili ulikuwa wazi kidogo. Nikausukuma nikatia komeo. Sikuita. Nilikuwa na haraka, sikuita. Jumatatu nilifika wa kwanza, nikafungua, nikamkuta." Akaziba uso. "Nilikumbuka barua za yule mzee. Zote tatu zipo kwenye droo."

"Kwa nini hukuzima baridi?"

Alimtazama Bi Futi kupitia vidole. "Ningewezaje, Afande? Joto hili?"

Ndani ya chumba kile miche ilikuwa imehamishwa yote kutoka ukuta wa kulia kwenda wa kushoto, mmoja mmoja, imepangwa vizuri, kazi ya mtu anayeijua kazi yake. Sakafu upande uliobaki wazi ilikuwa imekwanguliwa theluji kipande kwa kipande, mpaka kwenye pembe, mpaka kwenye tundu la maji. Fundi alikuwa amekaa karibu na tundu hilo, magoti kifuani, tochi imezimika pembeni. Simu ilikuwa mfukoni. Kuta zile za chuma hazikupitisha mawasiliano. Bi Futi alipima kila kitu na koplo aliandika kila kitu, na hakuna aliyezungumza zaidi ya tarakimu.

Kisha alikwenda getini yeye mwenyewe.

Mke wa fundi alimwona anavyotembea, akasimama kabla hajafika.

"Yumo humo," alisema. Halikuwa swali.

"Yumo, mdogo wangu. Tangu Jumamosi jioni."

Mwanamke aliketi tena. Bi Futi aliketi kando yake akamweleza yote, kwa mpangilio, bila kupamba: maji yalivyoganda, saa iliyopatikana, vidole vilivyonywea, mlango. Alimwambia kwamba hakuwa akienda popote. Alikuwa akiitafuta pete arudi nayo nyumbani.

Barabara iliendelea na watu wake. Mwanamke hakulia mara moja.

"Nilishamsamehe," alisema mwishowe. "Jana mchana. Nilikaa jikoni nikamsamehe, nikamsamehe na huyo mwanamke wake. Nikasema wakae wote huko, mradi nijue yuko mahali. Nilipata taabu sana, Afande. Ilinichukua siku nzima." Aliigeuza mikono yake mapajani, akaitazama. "Kumbe hakukuwa na cha kusamehe. Alikuwa hapa, hatua mia mbili kutoka kituo cha basi, ananitafutia mimi."

Bi Futi alisogea karibu naye kwenye benchi.

"Nataka kuingia."

"Mle ndani ni baridi mno. Ngoja gari lifike, tumtoe."

"Yeye amekaa humo siku nne," mwanamke alisema, "na hakuwa na mtu."

Bi Futi alisimama, akamnyooshea mkono uliokuwa bado hauna hisia vizuri, na wakaingia pamoja.